Mzee Aliyechaji Simu ya Mama

Jumamosi stima ilipotea karibu mtaa wote wa Huruma, isipokuwa upande wa kinyozi mmoja, kwa hivyo sote tulikimbilia kwake kuchaji simu. Soketi zote zilikuwa zimejaa wakati mama mmoja alipoingia, ameishika simu yake kwa mikono miwili kama yai.

"Kijana, nichajie hii kidogo tu. Msichana wangu yuko leba, anajifungua, na simu imezima."

"Mama, hakuna nafasi. Ngoja moja ijae," kinyozi akasema.

Sisi wenye simu ukutani tulianza kutazama viatu vyetu. Mzee aliyekuwa kwenye kiti, amenyolewa upande mmoja tu, ndiye aliyenyoosha kidole kwenye waya wa mashine ya kunyolea.

"Chomoa hiyo. Chaji ya mama kwanza."

"Na kichwa, Mzee?"

"Kichwa kitakimbilia wapi?"

Simu ilichomekwa. Haikuchukua muda, ikalia. Mama alisikiliza, akafunga macho, kisha akasema, "Ni msichana! Wote wako sawa!" Tukapiga makofi.

Kinyozi akachomeka mashine yake tena, na papo hapo stima ikapotea upande huo pia.

Mzee alijitazama kwenye kioo, akavaa kofia. "Mama, huyo mtoto akikua, msimwambie kichwa changu kilivyokuwa leo."

Mtu akiniuliza ni nani aliyechaji simu siku ile, jibu ninalo tayari: mzee aliyenyolewa nusu alimchajia mama simu, na kinyozi akasaidia.