Santuri Iliyomtangaza Mama Berthe Kuwa Marehemu

Asubuhi, ukungu bado umeifunika Butembo, Kasonia Apollinaire anafungua kifurushi kwa kisu cha kukatia waya. Kwenye meza anayotengenezea redio amesogeza vipuri pembeni na kutandika kitambaa safi, kana kwamba anapokea mtoto mchanga.

Ndani kuna santuri. Anaigeuza, anasoma nyuma ya jalada, kisha anakaa. Si kwenye kiti. Sakafuni.

"Emérence!" anamwita mkewe. "Kuja uone! Banasema Berthe alikufa!"

"Berthe gani?"

"Berthe wa gitaa. Wa Beni."

"Alikufa lini?"

"Mwaka wa elfu mbili na kumi na nane."

Emérence anajifuta mikono. "Mais lakini, wiki iliyopita si alikutukana kwa telefone?"

"Alinitukana muzuri kabisa."

Kasonia ana umri wa miaka hamsini na saba. Redio moja iliyopona humpa faranga elfu tano, na kuna siku hazipatikani. Kinachobaki baada ya chakula na karo huishia kwenye muziki wa roki wa zamani, hasa ule uliorekodiwa jukwaani mbele ya watu. Alianza na santuri moja aliyoachiwa na mwalimu wa hesabu aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Leo rafu zimejaa hadi dari. Nyingine huletwa na wafanyabiashara wanaotoka Kampala. Zile zinazotolewa upya hutumwa na mpwa wake Gracieuse, anayeishi Brussels.

"Ya studio iko kama chakula ya mugonjwa, haina chumvi," anasema. "Miye nataka kusikia mutu anakohoa."

Santuri hii aliisubiri kuliko zote. Ni ya Les Brouillards, bendi ya wanafunzi wa Butembo waliopiga roki katika ukumbi wa parokia mjini Beni mwaka 1983. Msichana wa miaka kumi na tisa, Kavugho Berthe, ndiye aliyeshika gitaa la mbele. Utepe wa onyesho hilo ulipelekwa Ulaya, ukasahaulika, na sasa kampuni ndogo ya huko imeutoa. Jalada linasema Berthe alifariki kwa Ebola huko Mangina, si mbali na Beni.

Kasonia anapiga simu. Haipatikani. Anapiga tena.

"Niliogopa," anakiri. "Nikasema, labda amekufa kweli, na miye nilitukanwa na nani?"

"Unaenda kumwambia mutu kama alikufa," Emérence alimwambia. "Vaa basi shati safi."

Barabara ya Beni si ya kutembelea ovyo siku hizi, kwa sababu ya waasi. Alipanda pikipiki, santuri ameifunga kifuani ndani ya koti. Berthe anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga muhogo, na alipotoka mlangoni alikuwa mweupe kwa unga, kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Karibu nikimbie," anasema Kasonia.

Berthe, ambaye sasa ana miaka sitini na moja, alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akasoma mwenyewe, na kicheko kikaisha.

"Nani alinizika?" aliuliza. "Batoto bangu beko Goma na Kampala. Siku bataona hii kwenye telefone, nani atabaambia kama mama yabo iko hapa anasaga bugali?"

Kasonia alimweleza Gracieuse, naye akaipigia kampuni siku hiyohiyo, na maelezo yakapatikana. Mtu wao alikwenda Mangina akamuuliza mwenyeji kuhusu Kavugho Berthe aliyekuwa akipiga gitaa kanisani. Akaonyeshwa kaburi. Huku kwetu jina Kavugho hutolewa kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ukiita Kavugho sokoni, watageuka wengi. Na Berthe ni jina la ubatizo walilopewa wasichana wa parokia nzima. Mwenyeji hakudanganya. Alionyesha Kavugho Berthe aliyemjua, naye alikuwa mpiga gitaa wa kwaya, na kweli alikufa.

Lakini kampuni haikukubali haraka. Ilisema santuri ikianza kuuzwa, watu wengi hujitokeza wakidai kuwa wao ndio wanamuziki wake. Toleo la pili lilikuwa linakwenda kiwandani mwisho wa wiki hiyo, likiwa na kifo chake vilevile. Berthe akatuma picha ya kadi yake ya mpiga kura. Wakajibu kwamba kadi inaonyesha jina tu, na jina ndilo lililowapotosha.

"Nilisikia baridi," anasema Berthe. "Niko naongea nabo, na bananiomba nipate ushahidi kama naongea."

Kasonia ndiye aliyemwambia aache mambo ya kadi. "Yaya, dada yangu, waeleze kile kilitokea mule ndani. Si muziki. Fujo."

Berthe akarekodi ujumbe wa sauti akiwa ameketi juu ya gunia. Alisema baada ya wimbo wa nne jenereta ilizimika. Giza. Wasichana wakapiga kelele wakidhani ni askari. Padri akapaza sauti kwa Kinande kwamba wakae chini. Yeye akaendelea kupiga gitaa lisilo na umeme, likilia kama panzi, akamwita mpiga ngoma: "Maliro, usiache!" Maliro, ambaye ngoma zake zilikuwa zimeangushwa na watu gizani, akapiga benchi kwa viganja.

Sehemu hiyo haimo kwenye santuri. Kampuni iliikata ili kusafisha. Kinasa kilikuwa cha betri, hivyo imo kwenye utepe wa asili tu, ambao hakuna mtu wa Beni wala Butembo aliyewahi kuusikia.

Kesho yake jibu lilifika. Walikuwa wameusikiliza utepe na kukuta yote aliyoyasema. Waliomba radhi, wakasimamisha kiwanda, na wakatuma kipande chenyewe. Berthe alikiweka sikioni. Akasikia sauti yake ya usichana ikiita, na Maliro akijibu: "Niko!"

Maliro hayupo tena; aliuawa na waasi shambani karibu na Eringeti. Berthe alizima mashine, jambo ambalo halijawahi kutokea wateja wakiwa kwenye foleni. Hakuna aliyelalamika.

Jalada jipya litasema yu hai. Ameomba pia familia ya yule mama wa Mangina ijulishwe, ili asibebeshwe bendi isiyo yake.

Sasa Kasonia anatengeneza kinasa sauti cha utepe kilichokaa kimya miaka mingi. Wamepanga kukodi ukumbi Butembo, waalike watu, na Berthe apige mbele yao huku Kasonia akirekodi. Ameazima gitaa, na vidole vinamuuma. Amempa Kasonia sharti moja.

"Nikikosea, hapana kukata. Batu balikufa ndiyo habakosei."