Kaunta Niliyoikata kwa Msumeno Wangu

Nakumbuka siku moja ya mvua pale Nyololo, mwanangu, wakati nilipokuwa fundi seremala kijana mwenye sifa nyingi kuliko akili. Mchoro wa ofisi unayotaka kujenga nimeuona, na ni mzuri, sitaki kusema uongo. Lakini kabla hujamwita fundi, keti kwanza nikusimulie.

Miaka ile ya hamsini wakulima wa pareto walikuwa wamejijengea ofisi ya chama chao, na kazi ya ndani nikapewa mimi. Nilitaka iwe ya kisasa. Kisasa nilichokijua kilikuwa cha bomani, kwenye ofisi za serikali ya mkoloni, kwa hiyo nikatengeneza kaunta ya mninga iliyonifika kifuani, na juu yake nikaweka wavu wenye kidirisha. Niliipaka vanishi mpaka ukawa unaiona sura yako. Mzee Kihwele, aliyenifundisha kazi, aliitazama akauliza tu, "Watu watakaa wapi?" Nikamjibu kwamba watu hawaji ofisini kukaa. Akatoka nje, nami mjinga nikadhani nimemshinda.

Ikafika siku ya mwisho ya kuandikisha wanaotaka miche ya pareto. Mama Veronika, mjane, alitembea tangu alfajiri ili jina lake liingie daftarini. Sasa wewe unajua, kwetu Uhehe mwanamke wa zamani hakusalimu akiwa amesimama. Alipiga magoti, akasema "kamwene", na hakuinuka mpaka aitikiwe. Basi akapiga magoti mbele ya kaunta yangu. Ndani tulikuwa wawili, karani anaandika, mimi narekebisha droo, na mvua inapiga bati. Hatukumsikia. Kumwona ndiko hatukuweza kabisa, maana kaunta ilimficha mzima. Saa sita, muda wa kuandikisha ulipokwisha, karani akafunga daftari, akalitoa kwa mlango wa nyuma, lori likaondoka nalo kwenda Iringa.

Mzee Kihwele alikuwa barazani akingoja mvua ikatike. Alimwona yule mama akitoka na matope magotini, akamwuliza kulikoni. Kisha akaingia, akanishika mkono, akanipeleka mpaka mbele ya kaunta.

"Piga magoti hapa."

Nikapiga, karani akinitazama.

"Unaona nini?"

"Mbao, mzee."

"Na karani?"

"Simwoni."

"Haya. Hiyo ndiyo ofisi uliyomjengea mama yako."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutokwa jasho kwenye baridi ile. Nikakimbia mvuani, nikamkuta mama Veronika njiani, nikamwomba radhi. Akanijibu kwa upole unaoniuma mpaka leo, "Nilifikiri karani ameikataa salamu yangu. Nilikuwa najiuliza nimemkosea nini." Miche hakupata mwaka ule. Shamba lake likalala, na mimi nilikuwa nalipita kila nikienda kazini.

Majuto ni mjukuu, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake niling'oa ule wavu, nikaikata kaunta kwa msumeno wangu mwenyewe mpaka ikawa na kimo cha meza ya kulia. Mbao zilizobaki nikazifanya benchi, nikaliweka karibu na jiko la mkaa, maana baridi ya kule haina adabu. Msimu uliofuata mama Veronika alirudi. Magoti yake hayajagusa sakafu, karani alikuwa keshasimama kumwitikia. Nilijifanya napiga randa ili wasinione machozi.

Kwa hiyo weka vioo vyako na kompyuta zako, sikukatazi. Ila kabla hujapigilia msumari hata mmoja, ingia kwa mlango watakaoingilia wageni. Keti watakapoketi. Mwenye fimbo, mwenye mtoto mgongoni, mtu mfupi, hao wote uwafikirie kwanza, rangi ya ukuta baadaye. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ofisi nayo ina wenyeji wanaohitaji kupona.

Nenda, mwanangu, Mungu aibariki mikono yako. Akujalie nyumba ya kazi ambayo salamu ya mtu haitapotea ndani yake.