Fundi Viatu Aliyekataa Kufukua Kaburi

Saa moja asubuhi, Twalib Hamduni ameshajaza misumari mdomoni. Anagongea soli kiatu cha karani, hapa sokoni Musoma, daftari likiwa wazi gotini.

"Fundi, na changu umekipeleka Burma?" anamtania Silasi, mkulima wa pamba kutoka Bunda, anayefuatilia kiatu chake tangu Jumatatu.

Twalib anatema misumari kiganjani. "Kaa, bwana. Burma watu walirudi, na chako kitarudi."

Si wote waliorudi. Twalib alikuwa askari wa Mwingereza huko miaka miwili, katika vita na Wajapani. Sasa, mwaka huu wa 1953, soli moja humpa shilingi moja, na siku nyingine hata hiyo haionekani. Kati ya mteja na mteja ameandika hadithi, madaftari manne kwa mwaka mmoja na nusu.

Ndani yake, askari anakuta maiti ya Mjapani. Anainama amvue viatu, maana vyake mwenyewe vimeoza. Anaona soli imeshonwa upya kwa mkono, uzi umetiwa nta. "Kumbe fundi mwenzangu," anasema, na anamzika na viatu vyake.

Gazeti moja la Dar es Salaam litaichapa na kumpa shilingi mia, mradi kaburi litolewe, na askari ndiye ampige Mjapani risasi. "Askari wetu hawakwenda Burma kuzika maadui," mhariri ameandika. Jibu lipande meli ya kesho. Na nyumba ya Twalib kule Kigera inavuja. Mia hiyo ni bati.

Kwenye gunia ameketi Bibi Wankyo wa Butiama. Mwanawe Mhoja hakurudi kutoka Burma. Kila Ijumaa, akishauza mtama, huja kusomewa. Ukurasa wa kaburi Twalib alikuwa akiuruka, akiogopa kumuudhi. Leo anausoma.

Bibi anasogeza gunia karibu. "Alimzika kweli?"

"Alimzika, mama."

"Kwa mikono?"

"Hatukuwaga na jembe."

"Basi huenda na Mhoja wangu alipata mwana wa watu wa kumfukia." Anajifunga kanga upya. "Usilitoe hilo kaburi, mwanangu."



Twalib anachana karatasi daftarini, anamwandikia mhariri: hadithi isipofaa ilivyo, irudishwe. Anatumaini gazeti jingine litaipokea.

"Bati litangoja," anasema, akivuta kiatu cha Silasi. "Jumatatu naanza daftari la tano, la mama yake yule Mjapani. Naye yupo anangoja mtu amwambie mwanawe alizikwa."