Kitambaa cha Paulo Kwenye Shimo la Taka

Naikumbuka siku moja ya kusafisha nyumba, mwanangu, wiki ile ya mwisho kabla ya Krismasi, nikiwa mke mgeni hapa Maisaka na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Naikumbuka kwa sababu siku hiyo nilimwona jirani yangu ameinama kwenye shimo letu la taka, na toka hapo moyo wangu haukutulia mpaka mkesha wa sikukuu.

Lakini nianzie mbali kidogo, maana siku hizi mnasafisha nusu. Mnafuta meza, mnabadilisha pazia, mnapiga picha. Mama mkwe wangu alikuwa anaitoa nyumba yote nje. Vitanda vya kamba vinawekwa uani, vinamwagiwa maji ya moto kwenye maungio mpaka kunguni wanaelea. Vibuyu, vyungu, magunia, ngozi za kulalia, vyote vinaanikwa juani kama vile tunahama. Kisha unapanda kukwangua masizi juu ya jiko, unashuka uso mweusi, watoto wanakukimbia. Mwisho ndiyo kuta: udongo mpya na samadi ya ng'ombe, halafu chokaa. Mama mkwe alikuwa anasema Krismasi ni mgeni anayekagua mpaka chini ya kitanda. Na mimi nilitaka aone kwamba mwanawe hakuoa mvivu. Kila nilichokiona kimechakaa nikakipeleka shimoni nyuma ya nyumba. Sikumuuliza mtu.

Katika hivyo kilikuwemo kitambaa cha kwanza cha Paulo, huyo mtoto wangu wa mgongoni. Kipande cha kanga kuukuu nilichomviringishia siku alipozaliwa, kimeingia maziwa na mkojo mpaka harufu haitoki hata ufue vipi. Sasa, kwetu nywele, kucha na nguo ya mtoto mchanga hazitupwi ovyo. Zinachomwa au zinafukiwa. Unajua kwa nini. Kila mtu anajua kwa nini, hata wale wanaojifanya hawajui.

Mchana wenzangu wakaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nikabaki na mtoto. Nikachungulia dirishani, nikamwona Anjelina.

Ngoja nikwambie Anjelina ni nani. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uzio wetu wa minyaa. Alikuja kutoka upande wa Hanang, akaolewa na jirani yetu Gwandu. Wanawake wote tulikuwa tunaitana kwa majina ya watoto, Mama Paulo, Mama Safari. Yeye tu ndiye aliyeitwa Anjelina, kama msichana, maana kila mtoto aliyemzaa alimzika. Na tangu mvua zianze alikuwa haonekani nje, na akionekana amejifunika kanga juu ya kanga kama mwenye homa. Hakuwahi kumbeba Paulo wangu. Ukimpa anarudi nyuma, anasema mikono yake ni michafu.

Huyo ndiye aliyeinama shimoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akachomoa kitambaa cha Paulo, akakikung'uta majivu, akakipeleka puani. Akakinusa, mwanangu! Kisha akakisokomeza ndani ya kanga zake, akaondoka upesi.

Kesho yake Paulo akaamka na homa.

Basi. Mtu anayeshuku hakosi ushahidi. Nikakumbuka aliwahi kuniuliza mtoto ana miezi mingapi. Anauliza ya nini? Nikakumbuka mbuzi wetu aliyetoa mimba mwaka ule. Nikakumbuka mbwa wa Gwandu habweki. Sikuona kwamba mbwa mwenyewe alikuwa mzee, hana hata meno.

Na yangebaki kifuani mwangu, heri. Lakini nilikwenda na wenzangu kuchimba udongo mweupe wa kupaka, ndiyo chokaa yetu, upande wa Bagara, mtoto mgongoni anakohoa, nikayamwaga yote pale kwenye machimbo.

"Amekinusa?" akauliza Mama Safari, jembe likabaki hewani.

"Amekinusa. Kwa macho yangu haya."

"Basi anajua harufu ya anachokitafuta."

"Na wale wa kwake wote," akadakia mwingine, "mmewahi kujiuliza aliwapeleka wapi?"

"Jamani, msiseme hivyo, wameenda kwa Mungu."

"Nenda kamuulize Mungu kama wamefika! Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Tukacheka. Ndiyo, tulicheka, huku nywele zimenisimama. Tukapatana kwamba mkesha wa Krismasi, mchana, twende wote kwa Anjelina tukapekue. Kitambaa kikionekana, Gwandu amrudishe kwao siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeuliza kisipoonekana itakuwaje. Mimi nilijua kitu kimoja tu: kifua cha mwanangu kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa, na dawa yake iko ndani ya nyumba ile.

Mkesha ukafika. Wakaja, mmoja na fimbo, Mama Safari na mchi wa kutwangia. Mama mkwe alikuwa juu ya kigoda anapiga chokaa kwa burashi ya mkonge, mikono myeupe mpaka viwikoni.

"Mnakwenda kuimba wapi na mchi?" akauliza.

Wenzangu wakanitazama. Nikamweleza. Alishuka, akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka nikatamani kumsaidia.

"Kitambaa nani alikitupa?"

"Mimi, mama."

"Umekitupa. Na unamdai nani?" Akawageukia wale wengine, akampa Mama Safari burashi. "Nyie malizieni ukuta wangu. Atakayenifuata nyuma asinisalimie tena. Mama Paulo, beba mtoto, twende."

Tukapiga hodi. Sauti ndogo ikatukaribisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kukusalimu kabla ya sikukuu."

Mimi sikusalimu. Macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye kamba karibu na jiko. Kitambaa cha Paulo kilikuwa pale, kimefuliwa kikawa cheupe kuliko nilivyowahi kukifua. Pembeni yake mkono wa shati la mtoto wa Mama Safari, kipande cha gunia, na matambara mengine niliyoyajua yalikotoka. Nikafungua kinywa nipige yowe. Wakati huo huo Anjelina akainuka kutafuta kigoda cha wageni, kanga ya juu ikamteleza, tukaona tumbo. Tumbo kubwa, la miezi mingi. Akalifunika kwa mikono yote miwili kama ameshikwa na kitu cha wizi.

"Mama, usimwambie mtu," akasema. "Wale wengine niliwatangaza. Nikawashonea vitu vizuri. Bibi yangu aliyenilea alinitumia habari kwamba huyu nimpokee kwa taka. Nguo zilizotupwa, tena za watoto walio hai. Kifo kikichungulia kitaona takataka, kitapita."

Mimi, shuku bado haijaniisha, nikauliza, "Na ulikinusa kwa nini?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini watu wanakunywa maji.

"Kinanuka mtoto," akasema.

Hapo Paulo akakohoa. Anjelina akasahau hofu yake, akasogea, akamshika kwa mara ya kwanza, akaweka sikio mgongoni kwake.

"Mnamlaza wapi huyu?"

"Chumbani."

"Mlikosiriba udongo mpya? Ukuta umekauka?"

Ukuta ule niliupaka mwenyewe jioni ile ile ya kusafisha, nikakirudisha kitanda na kukibana hapo hapo ili chumba kionekane kimepangwa. Kila asubuhi nilikuta blanketi bichi, nikadhani ni mkojo.

"Mtoeni humo leo. Mpelekeni zahanati," akasema Anjelina. "Mama Paulo, mimi nimezika. Najua kifua kinacholala na baridi."

Mama mkwe akanitupia jicho. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, basi.

Tukaondoka moja kwa moja kwenda zahanati. Waliniambia vile vile, wakampa dawa, na tukarudi kumlaza jikoni karibu na moto. Krismasi ile sikuiona nyumba nyeupe wala sikusikia kwaya. Nilikuwa jikoni na masizi, namsikiliza Paulo anapumua, na siku ya pili yake akanyonya kwa nguvu mpaka akaniuma.

Lakini wacha nirudi nyuma, kuna jambo nimeruka. Njiani kwenda zahanati mama mkwe alisimama, akanishika bega, akasema maneno ambayo mpaka leo nikishika ufagio nayasikia. "Wiki nzima tunasafisha, kwa ajili ya nani? Mwenyewe alizaliwa zizini, akaviringishwa vitambaa, akalazwa wanapolia ng'ombe. Angezaliwa hapo jirani, mngemwendea na mchi." Na tuliporudi nyumbani, wale wenzangu wako mlangoni wana chokaa mpaka kwenye kope, wanangoja habari, akawaambia, "Kitambaa nimempa mimi. Kuna mwenye swali?" Mama yule, Mlutheri wa kiti cha mbele, alidanganya siku ya mkesha bila kupepesa macho, akalinda siri ya mwenzake. Sijui Mungu aliandika nini. Mimi ningeandika vizuri.

Mvua za masika zikaja, Anjelina akajifungua mtoto wa kiume. Akamviringisha kitambaa cha Paulo, akamlaza ukingoni mwa shimo letu la taka, akajitenga. Mimi ndiye niliyeombwa kumwokota. Nikapaza sauti, "Nani ametupa mtoto hapa?" Anjelina akajibu kwa mbali, "Sina mtoto mimi, hizo ni taka tu." Nikambeba, nikampelekea, nikamwambia, "Basi nilelee hii taka yangu." Mwinjilisti alisikia akanuna wiki mbili, baadaye akambatiza Emanueli. Lakini nani anamwita Emanueli? Anaitwa Jalala. Na toka siku ile hakuna aliyesema Anjelina tena. Mama Jalala, mpaka tulipomzika, mzee, kwa mikono ya mwanawe.

Jalala ana ng'ombe Nangara, tena ana wajukuu. Kila Krismasi ananiletea maziwa, na kabla hajaingia ndani anazunguka nyuma ya nyumba. Nikimuuliza unatafuta nini huko, anajibu, "Naangalia, mama, kama mmenitupia mdogo wangu."

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Neema, binti wa Paulo huyo huyo. Amekuja kutoka Arusha kunisafishia nyumba, ametoa mifuko na mifuko, redio mbovu, kalenda za miaka iliyokufa. Juzi namwona kasimama dirishani. "Bibi, yule mama anapekua nini kwenye taka zetu? Hawa mchana wanaokota chupa, usiku wanakuja na wezi." Nikasogea, nikatazama pale pale nilipotazama miaka ile. Nikamwambia, nenda kamsalimie, muulize anaitwa mama nani. Akaenda anaburuta miguu. Alichelewa kurudi, na sweta langu la zamani alilotoka nalo mkononi halikurudi.

Mwanangu, sikwambii usishuku. Dunia hii mtu asiyeshuku anaamka hana mlango. Mimi namshuku mganga anayelijua jina langu kabla sijalitaja, na muuza maziwa ambaye povu lake haliishi. Shuku, lakini piga hodi kwanza, kabla hujayapeleka machimboni. Ukiona kosa nje, kagua kwanza ukuta wako kama umekauka. Na unapotoa vitu nyumbani kwa ajili ya Krismasi, kile kinachofaa usikitupe mwenzio akainame kukichukua. Mpe mkononi, mtazamane, umjue mwanawe anaitwa nani. Nyumba iliyopakwa chokaa nje na yenye shuku ndani ina kunguni bado, na hao hawafi kwa maji ya moto.

Mungu akupe nyumba kavu na watoto wenye vifua vyepesi. Akupe jirani wa kukuambia ukweli hata ulipomwendea kwa ubaya. Na Krismasi ikikukuta, ikukute umefagia mpaka moyoni, na mlango wako haujafungwa.