Waliniomba Radhi Mapema

Mwaka ule nilipougua, watu waliniaga mara nyingi kuliko nilivyotaka. Nilipasuliwa tumbo, kidonda kikaharibika, nikapasuliwa tena, na kwa miezi nililala wodini Msambweni, mifupa mitupu iliyofunikwa leso. Kwetu mgonjwa akifika hapo, watu huacha kumwambia ugua pole. Huja mmoja mmoja kumwomba radhi, asije akafa na haki yake ingali shingoni mwao. Daktari aliniambia nina nafuu. Mimi niliwatazama waliokuwa wakija kuomba radhi, nikajua daktari ananifariji tu.

Shoga yangu alikuja adhuhuri moja. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja tangu usichana, katika chumba cha dobi cha hoteli moja ya Diani, na nyumba zetu Bongwe zilikuwa zikitazamana. Aliketi karibu na miguu yangu, akaishika, akalia sana.

"Shoga, mashuka yale ni mimi," akasema. "Niwie radhi. Usiende nayo."

Mashuka yale nayaeleza kwa ufupi, maana yakinijia kwa urefu napandwa na hasira. Kabla ya maradhi yangu nilikuwa mshika ufunguo wa stoo ya mashuka. Katika chumba cha dobi hakuna cheo kikubwa kuliko hicho: unakaa pakavu, unakunja, unatoa, unapokea, na kila mtu anakuambia tafadhali. Kisha fungu zima la mashuka mapya likapotea. Sikufukuzwa. Nilinyang'anywa ufunguo mbele ya watu, nikarudishwa kwenye mashine, kubeba mashuka mabichi kuyapeleka kambani. Jina la mwizi sikuitwa usoni. Niliitwa nikishapita.

Na mashuka yenyewe nilikuwa nimeyaona. Shoga yangu alipomwoza binti yake, niliingia na wanawake wenzangu kutazama kitanda cha bi arusi, kimemwagiwa asmini na kufukizwa udi. Nilishika shuka nikalisifu. Pale kwenye pindo ambapo hoteli hushona alama yake palikuwa pamekatwa na kushonwa upya kwa mkono, nami nikausifu hata ule ushoni. Sikuwaza baya. Nani humwazia shoga yake baya siku ya arusi?

Msimamizi wetu alikuwa amekuja naye wodini siku ile ya kuomba radhi. Ni mtu wa bara, desturi hii si yake. Nadhani alifundishwa njiani, ndani ya tuktuk. Alisimama akikunja kofia yake. "Mathe, hata mimi unisamehe," akasema. "Nilijua si wewe. Lakini manija alitaka mtu, na ufunguo ulikuwa kwako."

Ningefanya nini? Pumzi yenyewe nilikuwa naivuta kwa awamu. Nikawaambia nimewasamehe, dunia na akhera. Shoga yangu alinibusu paji la uso, akatoka mwepesi. Nilimwona kwa mgongo: alikuwa kama mtu aliyetua ndoo.

Kisha nikapona.

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwaudhi watu kwa kupona kama mimi. Nilirudi kazini nimekonda, nguo ya kazi nimeibana kwa pini kiunoni, lakini moyoni nilikuwa na furaha ya kitoto. Ufunguo wangu unarudi, nilijiambia. Wameungama wote wawili, kwa vinywa vyao, bila kulazimishwa. Lililobaki ni wao kwenda kwa manija kusema neno moja, jina langu lisafike.

Nilipofungua mlango wa chumba cha dobi, maongezi yalikatika. Shoga yangu alikuwa amesimama kwenye stoo. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye utepe wangu ule ule wa buluu.

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake haukushukuru hata kidogo.

Sikupiga kelele. Nilingoja wengine watoke kwenda kunywa chai, nikawauliza wote wawili, yeye na msimamizi, ni lini tutakwenda kwa manija. Wakatazamana.

"Kwa manija kufanya nini?" akauliza shoga yangu.

"Kusema mliyoniambia Msambweni."

Alinijia, akaniwekea mkono shavuni kwa upole, jinsi unavyompima mtoto homa. "Shoga, ulikuwa ukiweweseka wewe. Siku ile tulipokuja hukututambua hata sisi. Homa ilikuwa kali, na mtu mwenye homa huona mengi."

Nikamgeukia msimamizi. Alikuwa akitazama mashine. "Uliota, mathe," akasema. "Hizo dawa ni kali. Wee shukuru Mungu."

Kwa hiyo radhi yangu walikuwa wameichukua, na kosa wamelikataa. Niliwahi kuibiwa mashuka na jina. Sasa nimeibiwa hata msamaha. Nilitamani kumchapa kofi, lakini mkono haukuwa na nguvu ya kufika, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Msimamizi akanielekeza kwenye mashine. Nikabeba mashuka mabichi, kovu likivuta tumboni kama uzi ulioshonwa vibaya, na kila nilipoyarudisha makavu nilimkabidhi shoga yangu pale stoo. Aliyapokea kwa heshima kubwa, akaniambia pole kwa kazi. Fisi amekabidhiwa bucha, na ana adabu zake.

Walingoja niache kazi. Sikuacha. Mwili ulirudi polepole, na siku hizi nabeba fungu zima bila kupumzika. Jina halijarudi.

Mwaka huu binti yake, yule wa mashuka, amempeleka mama yake Umra. Anayesafiri safari ile huzunguka kwanza mtaani kuomba radhi, na shoga yangu alizunguka nyumba zote, ya kwangu akaiacha mwisho. Nilikuwa barazani na majirani wawili, tunachambua mchicha. Alinisalimu, akapiga magoti.

"Shoga, kama kuna lolote nililokukosea, niwie radhi."

"Lipi?" nikamuuliza.

"Lolote."

"Litaje, nipate kulisamehe."

Aliwatazama majirani. Midomo ilimtetemeka, na nakiri ilinifurahisha. Nilikuwa nimeungoja mtetemeko ule tangu siku aliponishika shavu. Majirani waliacha kuchambua. Neno moja tu lingenitosha, nami ningemsamehe papo hapo na kumlilia. Nililingoja kwa dhati.

"Unajua, shoga," akasema kwa sauti ndogo.

"Sijui kitu. Mimi niliota."

Aliinuka akijishika goti. Akaenda zake Umra, haki yangu ingali shingoni mwake mahali ule ufunguo hukaa.

Aliporudi alimtuma binti yake aniletee tende, zimejaa kwenye sahani nzuri ya maua. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mtu hutia hata sukari kidogo, hata ndimu mbili. Nilizila tende zote peke yangu, zilikuwa tamu. Kisha nikaiosha ile sahani, nikaikausha vizuri, nikampa binti mikononi, tupu.