Mashati Sita Kando ya Mfereji

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, ondoeni hicho kicheko kwanza. Yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu na miwani yangu, hapa hapa Birmingham, majira ya baridi yaliyopita. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kusema uongo sikufundishwa popote.

Mjukuu wangu Hodan alininunulia tikiti ya kutembezwa usiku pale walipouawa watu wa zamani. Jamani, mtu hulipa ili atishwe? Lakini aliniambia, "Nyanya, kila siku wewe na TV tu," nikaona aibu, nikavaa koti. Kutoka kwetu Newtown hadi mjini si mbali. Kijana mwenye kofia ndefu nyeusi alituongoza akisimulia, Hodan akinitafsiria sikioni.

Tulipofika kando ya mfereji, mwanamke mmoja akanishika mkono wa koti. Alivaa sketi hadi chini, na vidole vyake vimepasuka kwa sabuni. Vidole hivyo navijua. Mombasa nimewafulia watu nguo miaka mingi. Nguo zake zilikuwa zikichuruzika maji. Nikatazama chini: pakavu! Naapa, hata tone. Nikasoma dua zote nizijuazo. Hakuniachia.

Kijana naye anaeleza habari za dobi wa kike aliyetupwa mferejini na tajiri mmoja, eti kamfuma akitoroka na mashati sita aliyompa kufua. Asubuhi yalikutwa ukingoni, yamepigwa pasi, yamekunjwa, yamefungwa kwenye karatasi. Akatia na mzaha kuhusu wezi, watu wakacheka.

Yule mwanamke akalia. Akaninong'oneza kwa Kiingereza, na Kiingereza changu mimi ni cha sokoni, lakini niaminini, nilielewa kila neno. "Sikuiba. Nilikuwa nampelekea yeye mwenyewe. Hapa kila usiku naitwa mwizi."

Wewe ungenyamaza? Nikagonga mkongojo chini.

"Hodan, muulize huyo kijana, mwizi gani anaanza kwa kupiga pasi?"

"Nyanya, pliz! Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wewe tafsiri."

Akatafsiri. Mzee mmoja wa Kizungu akaangua kicheko, akapiga makofi, wakamfuata wote. Kijana akavua kofia, akaniinamia. Alisema amekisimulia kisa kile miaka yote na hilo halikumjia kichwani. Akakirudia pale pale, safari hii dobi ni mwaminifu na tajiri ndiye mwovu. Ubavuni mwangu nikasikia mtu anacheka, kicheko cha msichana siku ya arusi. Kugeuka, hayupo.

"Nyanya, ulikuwa unaongea na nani?"

Nilimwambia. Tukarudi ndani ya basi tunacheka mpaka dereva naye akacheka, asijue anachekea nini. Ila mkono ule wa koti umelowa mpaka leo. Nimeuweka juu ya hita, nimeuanika juani, wapi! Unanukia sabuni ya kipande. Nami koti nalivaa hivyo hivyo.

Basi sikilizeni. Mkitembezwa huko usiku, mkaona watu wanamcheka marehemu, msicheke nao. Hujui kama amesimama kulia kwako au kushoto.

Na nyumbani kwangu nimetoa amri: humu ndani mtu haitwi mwizi, awe hai awe maiti, kabla hajaulizwa mzigo ule alikuwa anampelekea nani.