Saizi Kumi na Mbili

Kraa! Makasi yakipasua kadibodi nene: hiyo ndiyo sauti iliyompokea kiwandani akiwa msichana, na ndiyo iliyompa jina. Walimwita Bi Makasi. Miaka ishirini na tisa alikata pateni, vielelezo vya kadibodi vya kukatia vitambaa vya sare za shule, na kila shati lililoshonwa pale lilianzia mezani kwake.

Saizi kumi na mbili aliikata kwa kumpima bintiye, siku aliyokwenda naye kazini kwa kuwa shule zilifungwa. Kabla mwaka haujageuka, homa ilimchukua mtoto. Pateni ikabaki imetundikwa msumarini, na mashati yakaendelea kutoka, yakivaliwa na watoto wa watu.

Sasa ameletwa fundi wa kompyuta, kijana mpole, aingize pateni zote mashineni.

"Mama, hii kumi na mbili ina kosa. Bega la kushoto limeshuka nusu sentimita."

"Liache."

"Siwezi, mama. Nikiliacha, kosa litabaki milele."

"Pateni ni yangu. Nimeikata mimi."

"Kadibodi ni yako. Lakini saizi si kadibodi. Saizi haishikiki, haichakai. Hata tukiichoma hii, kumi na mbili itakuwepo."

"Itakuwepo wapi?"

Kijana akajikuna kichwa. "Si mahali, mama. Ipo tu."

Msimamizi, shoga wa Bi Makasi tangu ujana, akacheka kutoka cherehani ya pili. "Leo mtatufikisha mbinguni nyie! Mwache mtoto afanye kazi, mwenzangu. Yaliyopita si ndwele."

"Ndwele utaijulia wapi, wewe usiyewahi kuuguza?"

Bi Makasi alikuwa ameshaambiwa maneno kama ya kijana, makaburini alipomzika bintiye: hayupo, lakini yupo. Akatafuta pa kumshika, asipate. Akaipata nusu sentimita. Watoto wangapi wamepita barabarani na bega la mwanawe, wala hawajui!

Kijana akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ukapanda, mabega yakalingana. Akamkabidhi kadibodi kwa heshima zote. "Nenda nayo nyumbani, mama. Hatuihitaji tena."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa ukingoni. Nyepesi, imeliwa na mende. Kijana alisema kweli, kweli ya laana ile: mtoto hakuwa humu. Alikuwa mle mashineni walimomnyoosha.

"Halikuwa kosa," alisema, midomo ikigusa kadibodi. "Alizaliwa hivyo."